Nimeamshwa maktaba kwa kugongewa funguo mezani. Kwenu wanawapokeaje?

LindoLaUsiku

Habari za leo wakuu.

Mimi ni mlinzi, naingia lindo saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi. Nina miaka 36. Niliishia darasa la saba, na mwaka huu nimejisajili QT, yaani mtihani wa maarifa, ili Mungu akijalia baadaye nikafanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Chumba nilichopanga tunalala wanne na redio ya jirani haizimwi, kwa hiyo tangu mwezi wa pili nasomea maktaba ya umma hapa mjini. Mji siutaji, maana maktaba yenyewe ni hiyo moja na sitaki mtu apoteze kazi kwa ajili yangu.

Jumanne iliyopita nilikabidhi lindo, nikapanda daladala, nikakaa kwenye ngazi kusubiri wafungue saa 3. Sare nilikuwa nayo mwilini. Mtumishi wa mlangoni akanitazama kuanzia viatuni kwenda juu, akaniuliza, "Umeagizwa na nani?" Nikamwambia nimekuja kusoma. "Kusoma nini?" Baiolojia. Akanisogezea daftari la kujiandikisha bila neno lingine. Begi nikaliacha kaunta, nikapewa kibao namba 14.

Nikakaa, nikafungua kaunta buku, nikaanza kuchora moyo: vyumba vinne, vali, ule mshipa mkubwa unaotoka kushoto. Nimefika kwenye ventrikali ya kulia usingizi ukanipitia. Sijui zilikuwa dakika tano au kumi. Nilichosikia ni rundo la funguo likigongwa mezani karibu kabisa na sikio langu, na sauti ya kusikika chumba kizima: "Hapa si gesti!" Watu wote wakageuka. Wengi ni wanafunzi, wamo waliolingana na mwanangu wa kwanza. Nilipoangalia daftari, kalamu ilikuwa imeburuza mstari kutoka kwenye moyo mpaka ukingoni mwa ukurasa.

Nikakusanya vitu vyangu nikatoka. Aliyenifuata nje ni mzee anayefanya usafi pale. Akaniambia, "Mwanangu, ukirudi kaa ile meza ya dirishani, pana upepo, hutasinzia." Sijarudi tangu siku hiyo.

Kusinzia nilikosea, hilo nakiri. Ninachotaka kujua ni huko kwenu: mtu akiingia maktaba na sare ya kazi, au na viatu vya vumbi, anapokelewaje? Na je, ni kweli mtu kama mimi ana haki ya kukaa mle, au nilikuwa navumiliwa tu? Mimi kazi yangu ni kukaa mlangoni. Najua namna mtu anavyoingia akikaribishwa, na namna anavyoingia akihojiwa kama mwizi.

Mdau_Kimya

Pole mkuu, lugha aliyotumia haifai. Ila naomba uelewe na upande wa pili. Msimu wa mitihani mimi nimewahi kusimama ukutani saa nzima nasubiri kiti, na mbele yangu mtu kalalia vitabu vitatu anakoroma. Viti havitoshi. Aliyelala aamshwe, isipokuwa aamshwe kwa adabu.

BibiMkutubi

Mwanangu, pole sana. Nimeisoma habari yako mara mbili.

Nimestaafu, kazi ya ukutubi nimeifanya zaidi ya miaka 30. Nianze na swali lako la haki. Maktaba ya umma ni yako. Mtu hahitaji kuagizwa, hahitaji kuwa mwanafunzi, wala haulizwi amevaa nini alimradi hachafui vitabu na hasumbui wenzake. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar ilifunguliwa na Mwalimu tarehe 9 Desemba 1967, na mwaka 1970 akautangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Dada aliyenifundisha kazi ya kaunta alianza miaka hiyo. Alikuwa akitusimulia juu ya wapishi na makuli waliokuja na madaftari yao baada ya kazi, na yeye akiwachongea penseli. Kwa hiyo usiseme unavumiliwa.

Kuhusu usingizi, ni kweli tunawaamsha wasomaji, na mimi nimeamsha wengi. Sababu kubwa ni wizi: anayelala anaibiwa simu, halafu lawama zinarudi kwetu. Lakini kuamsha nako kuna namna yake. Mimi nilikuwa napita pembeni ya kiti, nagusa meza kwa vidole viwili, naanza na samahani. Nikiona mtu amechoka kweli, namwelekeza bomba la nje akanawe uso, na kiti chake namlindia. Funguo sijawahi kuzigonga mezani kwa mtu, na aliye chini yangu angezigonga tungezungumza siku hiyohiyo.

Sasa urudi, na ukirudi usizunguke rafu zote kutafuta. Shika namba ya somo, ile inayobandikwa mgongoni mwa kitabu. Hisabati 510, fizikia 530, kemia 540, baiolojia 570. Historia ya Tanzania iko 967.8. Kiswahili, kwa maktaba nyingi, utakikuta 496.392. Ukimwambia mtumishi "naomba unionyeshe 570", utaona hata sura yake inabadilika.

Na jambo moja ambalo wasomaji wazuri wanalikosea kwa nia njema: ukimaliza kitabu usikirudishe rafuni. Kiache mezani. Kitabu kilichowekwa mahali siyo pake kimepotea, hata kama kimo ndani ya jengo. Tena vya mezani ndivyo tunavyovihesabu jioni kujua vipi vinasomwa. Ukikirudisha mwenyewe, kwenye hesabu zetu kitabu hicho siku hiyo hakikuguswa na mtu, na wakati wa kuagiza nakala nyingine hakuna atakayekikumbuka.

Mitumba_na_Vitabu

Pole kaka, nakuandikia kutoka Nairobi.

Mimi nauza nguo Gikomba. Maktaba ninayoenda ni McMillan, ile ya Barabara ya Banda jirani na Msikiti wa Jamia. Ilifunguliwa 1931, na mpaka 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma mle. Babu yangu alikuwa mesenja mjini miaka hiyo. Alipita mbele ya zile sanamu za simba kila siku ya kazi na hakuwahi kupanda zile ngazi.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa na gunia la nguo, nimetoka kulichukua asubuhi. Nikasimama chini nikiona haya. Askari wa mlangoni ndiye aliyeshuka akaniambia, "Mama, karibu, gunia lako liweke hapa nitakuangalizia." Siku hiyo sikusoma hata kurasa kumi. Nilikaa tu nikatazama dari na nguzo. Nikamfikiria babu.

Nakueleza haya kwa sababu askari yule anafanya kazi kama yako. Usiache kurudi. Ukiwahi kufika Nairobi, matawi ya Kaloleni na Makadara nayo yamekarabatiwa miaka hii ya karibuni, na watoto wa mtaani wanaingia na makubazi yao bila mtu kuwafukuza.

LindoLaUsiku

Mkuu Mdau_Kimya, umesema kweli kuhusu viti, sikuwa nimewaza hivyo. Dada wa Nairobi, ahsante, habari za babu yako nimemsomea mwenzangu wa lindo usiku wa jana.

Bibi, shikamoo. Leo nimerudi. Nililala kwanza kwa muda wa saa mbili nyumbani, nikafika saa 5. Yule wa mlangoni alikuwepo, nikamsalimia, akaitikia bila kuniangalia. Nikaenda kwa binti wa kaunta ya ndani, nikamwambia naomba 570. Akainuka mwenyewe. Akanipeleka mpaka rafuni, akapitisha kidole kwenye migongo ya vitabu, akatoa viwili. Nikakaa dirishani alikosema mzee, na kweli pana upepo.

Kilichoniuma ni kingine. Kitabu kizuri kuliko vyote, chenye picha za rangi, kurasa za moyo na damu zimechanwa. Zimekatwa kwa wembe, ukingo umenyooka kabisa. Aliyekata alikuwa na haja ileile niliyonayo mimi, na sasa hakuna mwingine atakayeziona. Nimekiacha mezani kama ulivyonielekeza, ila nimeingiza kikaratasi nikaandika kurasa zilizokosekana.

Bibi, naomba uniambie: kuna shule ya sekondari karibu na lindo langu, na mwalimu mmoja pale ana kitabu hichohicho. Nikitoa kopi ya zile kurasa kwa pesa yangu, maktaba wanaweza kuzipokea na kuzibandika, au nitaonekana najiingiza kwenye kazi yao?

BibiMkutubi

Marahaba mwanangu. Toa hizo kopi. Acha nafasi pana upande wa kushoto ili pawe na pa kubandikia, na usibandike wewe. Mpelekee yule binti aliyeinuka.