Tupeane uzoefu: kupamba tangi dogo la beta kwa kisiki na mimea hai (Arusha na Moshi)

Mwanzisha mada, Njiro
Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wafugaji wa samaki wa mapambo aitwaye beta kwenye matangi ya lita 20 hadi 30 wanaotaka kuachana na maua ya plastiki. Leteni vipimo, vifaa, na kinachoharibika pamoja na sababu yake.

Naanza na tangi lenyewe. Fundi vioo akikutengenezea la sentimita 40 kwa 25 kwa 25, kioo cha milimita 5, linatosha kabisa. Kazia macho silikoni. Ile ya bafuni ina dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Iache ikauke siku 3, hata fundi akikuambia utie maji kesho.

Mdau, Majengo Moshi
Nitakaa zaidi kwenye kisiki, maana matangi mengi yanaharibikia hapo. Tafuta mti mgumu uliokufa na kukauka wenyewe. Kwa huku kwetu naupa mzizi wa mpera nafasi ya kwanza: una matawi mazuri na hauozi haraka. Msindano una utomvu, mkaratusi una mafuta, achaneni navyo. Mti mbichi wa aina yoyote utaoza na kunukisha maji.

Wenzangu wa Kibosho na Marangu, visiki vya mibuni vinavutia na havina gharama, ila mibuni mingi imepigwa dawa za shaba miaka nenda rudi kwa ajili ya chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani. Shaba inaua konokono na kamba, na samaki naye inamdhuru. Kama hujui shamba lilipigwa nini, usikichukue.

Maandalizi: bandua magome yote, sugua kwa brashi ngumu bila sabuni. Chemsha saa 1 hadi 2, maji yakigeuka rangi ya chai ya rangi mwaga, rudia mara 2 au 3. Kisha loweka kwenye ndoo wiki 2, ukibadilisha maji kila baada ya siku mbili, mpaka kizame chenyewe. Kikigoma, kifunge kwa mshipi wa kuvulia kwenye kipande cha kigae, kigae ukifukie mchangani.

Kabla hakijaingia, pitisha soksi nyembamba ya nailoni juu yake kote. Inaponasa, papige msasa, kwa sababu hapo ndipo pezi la beta litakapochanika. Mawe ya volkano yenye matundu nayo yapimwe hivyo hivyo.

Ute mweupe wa wiki za mwanzo ni fangasi na bakteria, usiogope, usugue tu. Maji ya hudhurungi ni tanini, rangi inayotoka kwenye mti, haimdhuru beta.

Mdau, Sakina
Mkuu wa Moshi kamaliza kisiki. Upande wa mimea, kwa anayeanza ni anubiasi na kangaga la Java. Zote mbili zina shina nene la kulala, rizomu. Ukilifukia linaoza, na mmea wote unakwenda nalo. Lifunge juu ya kisiki kwa uzi wa pamba, au tone la supaglu ya jeli. Kriptokorini ndiyo ya kufukia mizizi. Majani yake yakiyeyuka mwanzoni usiing'oe, itachipua upya.

Taa saa 6 hadi 8 kwa siku. Ukizidisha unaotesha mwani. Mimea ya kuelea isizidi nusu ya uso wa maji, beta anapanda kuvuta hewa.

Tafadhali msichume mimea kwenye mifereji ya mashamba. Konokono wa maji ndio wanaobeba kichocho.

Mwanzisha mada, Njiro
Asante sana. Mchanga je? Na hii baridi ya Julai?

Mdau, Sakina
Mchanga wa mto, uoshe mpaka maji yatoke meupe, kina sentimita 3 hadi 5. Dondoshea siki kidogo: ukitoa povu una chokaa, utapandisha pH (kipimo cha asidi na magadi ya maji). Maji ya bomba yaache wazi saa 24 klorini ipungue. Maji ya Arusha maeneo mengi yana magadi, hivyo tanini ya kisiki peke yake haitashusha pH. Changanya na ya mvua nusu kwa nusu, ila uwiano usibadilike kila mara.

Beta anataka nyuzi 24 hadi 28. Kwa lita 20 hapa Arusha chukua hita ya wati 50. Ya 25 inazidiwa usiku. Ichomoe kwenye umeme kabla ya kupunguza maji, kioo chake kikiwa moto nje ya maji kinapasuka. Umeme ukikatika, zungushia tangi blanketi.

Mdau, Majengo Moshi
Samaki aingie mwisho. Tangi liive, yaani bakteria wa kusafisha maji wazaliane, wiki 4 hadi 6 na kichujio cha sponji kikifanya kazi, ukipima amonia na nitriti (sumu zinazotokana na uchafu wa tangi) zisome 0. Baadaye badilisha robo ya maji kila wiki. Weka kifuniko, beta anaruka, na uache sentimita 5 za hewa kati yake na maji.