Msaada: taipu za majibu ya STK push kwa TypeScript, nitaziaminije?

dev_wa_umoja
Wasee habari, naomba ushauri. Najengea muuza viatu wa Gikomba mfumo wa kupokea M-Pesa kupitia Daraja (API ya Safaricom), seva iko kwa Node na TypeScript. Kutuma ombi la STK push (lile linalotokea kwa simu ya mteja aweke PIN) si shida, shida ni majibu. Nimeandika interface zote (taipu za umbo la data), na kolbaki, yaani matokeo ambayo Safaricom inatuma kwa seva yangu baadaye, ikiingia naweka `as StkCallback` na edita imetulia, lakini nikicheki mifano ya Daraja naona ResponseCode ya jibu la kwanza ni "0", stringi, na ResultCode ya kolbaki ni 0, namba. Sasa hizi taipu zinanilinda kweli? Hapa kuna pesa za watu, sitaki kubahatisha.

kizito254
Hazikulindi boss. TypeScript ikishageuzwa JavaScript taipu zote zinafutwa, na hiyo `as` ni wewe kuambia kompaila "niamini" na inaamini tu. Chochote kinachotoka nje kiite `unknown`, kipitishe kwa skima ya Zod (maktaba inayokagua umbo la data programu ikiwa inaendesha), ndio ukitumie. Taipu nayo itoe kwa skima yenyewe na `z.infer`, usiandike mara mbili.

seva_na_chai
Kizito amesema ukweli. Mimi naongezea, kolbaki ina maumbo mawili: malipo yakipita kuna CallbackMetadata (maelezo ya malipo), mtu akikataa kwa simu ResultCode ni 1032 na CallbackMetadata haimo kabisa. Tafadhali usiandike taipu moja ya kujaza alama za kuuliza (sehemu zinazoweza kukosekana) kila mahali, fanya skima mbili, halafu geuza kuwa taipu yako mwenyewe yenye `hali: "imelipwa"` ama `"imekataliwa"`, hapo kompaila itakulazimisha ushughulikie zote. Pia Item iliyo ndani ya CallbackMetadata ni orodha ya Name na Value, tafuta kwa jina, usihesabu nafasi. TransactionDate inakuja kama namba, mfano 20191219102115, yaani 19/12/2019 saa nne na dakika 21 asubuhi. Ukiitupa kwa `new Date()` vile ilivyo inasomwa kama milisekunde na unajipata mwaka 2609.

dev_wa_umoja
Asanteni sana. Na skima ikikataa, nirudishe 400 (ombi lina kosa)?

kizito254
Hapana, hifadhi kwanza JSON mbichi kwa databesi vile ilikuja, jibu 200 (imepokelewa), halafu uliza hali ya malipo kwa STK query ukitumia CheckoutRequestID uliyopewa mwanzo. Usiandike "hajalipa" eti kwa sababu umbo limekataa, mteja anaweza kuwa ashakatwa pesa na muuzaji anamnyima viatu.