Nati za mpini wa msumeno wa zamani zimekataa: mafuta, moto au kekee?

MpiniMkavu: Wakuu, nina msumeno wa mkono wa zamani na nataka kuvua mpini nisugue kutu ya bamba vizuri. Bolti ni nne, zote za shaba ya manjano. Mbili zimetoka. Moja haitikisiki, na ile kubwa yenye nembo inazunguka pamoja na nati yake, haifunguki wala haikazi. Nianze na mafuta ya kulegeza kutu, moto, au nitoboe tu kwa kekee?

TupaMkononi: Tuanze na bisibisi yako. Nati zako ni bapa, zimelingana na mbao, na ncha ya bolti inaonekana katikati? Kama ndiyo, bisibisi ya kawaida hukalia ile ncha na haiingii kwenye mfuo wa nati. Ukilazimisha inateleza, na shaba ni laini, inalika mara moja. Tafuta bisibisi pana iliyochakaa, itoe pengo katikati kwa tupa ili ncha ya bolti ipite, kisha hakikisha meno mawili yanayobaki yanajaza mfuo bila kucheza. Nati nyingi nilizoletewa eti zimeganda zilikuwa zinadai bisibisi hiyo tu.

MpiniMkavu: Ni bapa kweli. Na nimeshaila kidogo kwa bisibisi ya kawaida 😩

RandaKuu: Mafuta mimi siyapendi hapo. Yanafanya kazi, ila mbao kavu ya mpini inayanywa, linabaki doa jeusi, halafu vanishi mpya haishiki. Ukilazimika, weka tone moja kwa ncha ya kijiti, uache usiku kucha. Naona moto ni bora: gusisha kichwa cha nati na chuma cha kulehemu kilichopata moto, nusu dakika hivi, ondoa, jaribu kufungua ingali na joto. Ule ukoko wa kijani na vanishi ya zamani vinaachia. Ukisikia harufu ya mbao umechelewa. Moto wa gesi usithubutu.

Mzee wa Karakana: Hiyo inayozunguka ni ugonjwa mwingine, vijana, msiichanganye na iliyoganda. Chini ya kichwa cha bolti pana shingo ya mraba inayoing'ata mbao. Tundu likipanuka, shingo haina pa kushika. Mafuta na moto peke yake havitasaidia. Laza mpini nembo ikiwa chini, juu ya kipande cha mpira wa tairi, ulalie bisibisi kwa uzito wote huku ukizungusha polepole. Mpira ndio utakaoishika bolti.

TupaMkononi: Naunga mkono. Kekee iwe ya mwisho kabisa, na ya nembo usiiguse nayo. Bolti ya kawaida utapata mbadala, nembo ya zamani ni shida.

Mzee wa Karakana: Na kila nati irudi kwenye bolti na tundu lake. Zilipigwa tupa zikiwa mahali pake, ukizichanganya moja itachomoza na nyingine itazama.

MpiniMkavu: Mrejesho. Iliyoganda imetoka kwa bisibisi ya pengo baada ya kuipasha mara mbili. Ya nembo imechukua jioni nzima kwenye mpira, mabega yanauma, lakini imetoka nzima. Zile mbili za kwanza, Mzee, nilishazitupia kopo moja...

Mzee wa Karakana: Zijaribu moja moja. Ile inayolingana na mbao, mfuo ukisimama kama ulivyokuwa, ndiyo yenyewe.