Mjadala: Je, kumuua John Connor kulikuwa usaliti?

Naliweka hili mezani kwa sababu kila tukiligusa kijiweni tunaishia kupigiana kelele. Filamu ya mwisho ya Terminator kufika kwenye kumbi za sinema, Dark Fate ya mwaka 2019, inaanza kwa kumuua John Connor, kijana ambaye angekuja kuwaongoza binadamu katika vita dhidi ya mashine. Ni dakika chache tu tangu pazia lifunguke, na mtoto tuliyemwona akilindwa kwa jasho na damu anapigwa risasi mbele ya mamake, mwaka 1998, ufuoni Guatemala. Anayempiga ni mashine yenye sura ileile ya Arnold Schwarzenegger, nyota wa filamu hizi. Wengi wenu mnasema huo ni usaliti, na kwamba mfululizo ulikufa pale pale alipoanguka kijana. Mimi nimeufuata tangu nikiwa mtoto Manyatta, Kisumu, na nasema hapana. Kumuua John halikuwa kosa. Kosa ni kwamba walimuua na hawakumwomboleza.

Naomba mnisikilize kwanza, kisha mnipinge.

Ya pili, ile ya 1991, niliiona kwenye kibanda cha video cha mabati. Blanketi zilitundikwa dirishani, watu walibanana kwenye mabenchi, na televisheni ilikaa juu ya kreti za soda. Kiingilio kilikuwa shilingi tano, na asiyekuwa nazo alichungulia kwenye tundu la msumari. Mwenye kibanda alishika maikrofoni na kutafsiri mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. T-1000, yule adui anayeyeyuka na kujiunda upya, alimwita mtu wa zebaki, na hadi leo mimi na wenzangu hatumjui kwa jina jingine. Lakini palikuwa na mahali ambapo hakutafsiri. Arnold akimwambia John kwamba sasa anaelewa kwa nini binadamu hulia, ingawa yeye mwenyewe hawezi, kisha akishushwa polepole kwenye chuma kilichoyeyuka, mwenye kibanda alizima maikrofoni na kutuachia picha. Mafundi waliokuwa wametoka kugonga mabati Kibuye mchana kutwa walikaa kimya. Niliona mtu mzima akijifuta uso kwa kofia. Nilijua siku hiyo kwamba filamu hizi si za bunduki tu.

Kwa aliyeingia juzi: ya kwanza ilitoka 1984, James Cameron akiiongoza kwa bajeti ya takriban dola milioni 6.4, pesa kidogo mno kwa kazi ya namna ile. Mashine inatumwa kutoka mwaka 2029 kumuua Sarah Connor, msichana anayehudumia wateja mgahawani Los Angeles, ili asimzae John, atakayewaongoza binadamu kupigana na Skynet, mfumo wa kompyuta ulioasi. Kyle Reese anatumwa kumlinda, na Kyle ndiye anayekuja kuwa baba ya mtoto. Ya pili ikafuata 1991, safari hii Arnold akiwa mashine iliyotumwa kumlinda John. Zilizotoka 2003, 2009 na 2015 zilifutwa kwenye hesabu: Cameron aliporudi, safari hii kama mtayarishaji, na Tim Miller akiwa mwongozaji, walitangaza kwamba Dark Fate inaendelea moja kwa moja kutoka ya pili.

Sasa kumbukeni picha. Ya kwanza inaishia kituo cha mafuta Mexico, Sarah akiwa na mimba. Mvulana anampiga picha na kumtaka dola tano, naye anampa nne. Picha hiyo ndiyo John atakayompa Kyle miaka mingi baadaye, na Kyle atampenda Sarah kwa kuitazama kabla hajawahi kumwona. Bila picha ile Kyle asingejitolea kuja, na asipokuja Kyle hakuna John. Ukoo mzima umeshikiliwa na karatasi moja.

Kisha fika Dark Fate. Sarah ni mwanamke aliyekula umri, uso umekauka, anasafiri peke yake na silaha. Anawaeleza wenzake kwamba hana picha hata moja ya John. Hakumpiga picha, kwa kuogopa mashine zingeitumia kumpata. Na sasa ameanza kuisahau sura yake.

Nilipolisikia hilo nilisimamisha filamu.

Huku kwetu mnajua mtu akifariki kinachofanyika kabla ya yote. Inatafutwa picha. Itawekwa kwenye tangazo, itachapishwa kwenye fulana, itabandikwa mbele ya gari linalobeba mwili, itasimamishwa kando ya jeneza pale nyumbani chini ya hema. Mama mdogo wangu wa Nyalenda alimzika mwanawe ambaye hakuwa na picha yoyote ila ile ya kitambulisho. Tuliikuza hadi ikawa madoa matupu, na bado aliibeba kifuani njia nzima. Tuliitazama Dark Fate pamoja nyumbani kwake. Hajui Skynet ni nini na wala haikumhusu, lakini Sarah aliposema maneno yale, mama mdogo aliniambia kwa Kijaluo: huyu naye hajalia bado. Miaka yote ambayo watu wamekuwa wakiijadili filamu hii, sijasikia hukumu iliyo sahihi kuliko hiyo.

Maana ndivyo ilivyo. Sarah hajalia. Filamu inatupa sentensi ile ya kusahau sura, kisha inampa bunduki na kumrudisha barabarani. Hakuna kaburi, hakuna mtu wa kukaa naye. Fikirini pia Dani Ramos, msichana wa Mexico City anayewindwa safari hii. Asubuhi moja anampoteza babake na Diego kakake. Diego ndiye aliyekuwa ameanza kunyang'anywa kazi na roboti kiwandani, na Dani akamtetea mbele ya msimamizi, mwanzo mzuri kabisa ambao unagusa yeyote anayeishi kwa mikono yake. Kabla ya jua kutua wote wawili wameachwa nyuma na mbio zimeendelea. Wafiwa wawili kwenye gari moja, mkongwe na mgeni wa msiba, na hawaruhusiwi hata usiku mmoja wa kukesha pamoja.

Nije kwa mliochangia tayari.

Ndugu wa Kakamega anasema: ikiwa John anakufa 1998, basi Arnold wa 1991 alijiua bure. Hapana, ndugu yangu. Siku ya maangamizi, ambayo Skynet ingewashambulia binadamu kwa mabomu ya nyuklia, ilikuwa iwe tarehe 29 Agosti 1997, na watu bilioni tatu walikuwa wafe. Siku hiyo ilipita, watu wakaenda kazini. Bilioni tatu waliishi kwa sababu ya tanuri lile, ambamo Arnold alijimaliza ili Skynet isitengenezwe. Mashine iliyomuua John ilikuwa imeshatumwa kutoka kwenye kesho ambayo haipo tena, ikitekeleza amri ya bwana ambaye hatazaliwa. Hilo kwangu ndilo linalouma na ndilo linalolingana na maisha. Mna watu mnaowajua waliouawa na ugomvi uliokwisha zamani, na aliyeuanzisha hata hakumbuki.

Kaka wa Nakuru anasema filamu iliwaondoa wanaume ikajaza wanawake watatu, Sarah, Dani na Grace, askari aliyetumwa kutoka siku zijazo kumlinda Dani, kwa ajili ya kufuata mtindo wa siku hizi. Hapa nakataa bila kupepesa. Hii hadithi lini ilikuwa ya mwanamume? Katika ya kwanza John hajazaliwa, na aliyeiponda ile mashine mwishoni ni Sarah. Katika ya pili anayevuta vyuma hospitalini akijiandaa kwa vita ni Sarah. Wewe na mimi tulikua tukimshangilia Arnold, hilo ni kweli, lakini aliyebeba mzigo alikuwa mama. Na nikukumbushe filamu ya 2015, ile iliyofutwa, ilimchukua huyo huyo John unayemlilia ikamgeuza adui, mwili wake ukiwa umefanywa mashine. Kelele zako sikuzisikia wakati huo.

Kuhusu jina la Dani, mlioandika kwamba liliwachekesha nawaelewa. Kwa Kijaluo dani ni nyanya, yaani mama wa mzazi, na ukumbi wowote wa Kisumu lazima ucheke msichana mbichi akiitwa nyanya wa mtu. Lakini tazameni tena mgeuko wa hadithi. Inatokea kwamba Dani hawindwi kwa sababu ya mtoto atakayemzaa, bali ni yeye mwenyewe atakayekuwa kiongozi, na ndiye atakayemwokota Grace akiwa mtoto yatima na kumlea. Watunzi hawakujua Kijaluo, lakini jina limemkaa.

Mwanafunzi wa Maseno, ambaye hakuwahi kuona zile za zamani, anasema aliipenda na kwamba sisi wazee tunang'ang'ania maiti. Kijana, furahia. Vita vya ndani ya ndege ni vizuri, na Rev-9, adui mwenye mifupa inayotoka kwenye ngozi yake na kupigana kama mtu wa pili, alibuniwa kwa akili. Lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba ulishindwa kukumbuka John aliuawa vipi. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kifo kilichofungua filamu nzima kimepita machoni mwako kama tangazo la biashara, na kosa si lako.

Wengine mnaleta hesabu: ilitumia kama dola milioni 185 kuitengeneza na ikakusanya takriban milioni 261 duniani kote, na kwa jinsi kumbi zinavyokata fungu lao, hiyo ni hasara kubwa. Mnasema hasara hiyo ni laana ya John. Sidhani. Watu walishachoka kukimbizwa. Mashine moja inatumwa kuua, mlinzi mmoja anatumwa kuokoa, lori, daraja, kiwanda, kwisha. Mara tano. Skynet ikibadilishwa jina na kuitwa Legion, mtazamaji anayefikiria ananusa chungu kilekile.

Na wakati huo huo walikuwa na Carl! Hapa ndipo moyo wangu huwaka. Mashine iliyomuua John ilibaki haina kazi. Haina amri nyingine. Inakwenda kuishi Texas, inamwokoa mwanamke na mwanawe kutoka kwa mume mpigaji, inajifunza kuwatunza, inafungua biashara ya mapazia. Kwa kumlea mtoto wa mwingine inaanza kuelewa ilichomnyang'anya Sarah. Kisha kwa siri, miaka nenda miaka rudi, inamtumia Sarah ujumbe kwenye simu kumwelekeza mahali mashine nyingine zitakapotokea, na mwisho wa kila ujumbe inaandika: kwa ajili ya John. Inampa sababu ya kuamka. Kumbukeni neno la mwisho la Arnold wa 1991, kwamba ameelewa kwa nini tunalia. Carl ni mwendelezo wa sentensi ile. Muuaji aliyejifunza thamani ya alichokiua, na mama asiyekuwa na picha, wamekaa sebule moja. Mwongozaji yeyote angeiacha kamera pale nusu saa. Walipewa dakika chache, nusu yake tukasikilizishwa habari za rangi za mapazia ili tucheke.

Mwishoni Carl anajitupa shimoni na Rev-9, na neno lake la mwisho ni lile la kwenye simu. Sarah anaangalia. Sijui kama amemsamehe, kwa sababu filamu haikumpa nafasi hata ya kutomsamehe. Halafu yeye na Dani wanaondoka na gari, kama alivyoondoka 1984, na msiba bado uko palepale kwenye mchanga wa Guatemala.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na mnishambulie hapo. Anayetaka kutengeneza ya saba asituletee adui mpya wala mlinzi mpya. Sarah arudi ufuoni. Aulize kwa wenyeji, maana mgahawa ule ulikuwa na watalii na watu siku ile, na lazima kuna mtu aliyekuwa na kamera shingoni. Atafute kijana wa miaka ya ujana akiwa nyuma ya picha ya mtu mwingine, amekaa kwenye meza, kaegemea kiti. Aipate.

Na wewe ndugu wa Kakamega, niambie: Carl angekuja kwenye matanga ya John, ungemruhusu aingie bomani?