Vifaru vya kuigiza kwenye filamu za vita: zioneshwe kama historia?

Kiboko wa Rufiji (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Jumapili kituo kimoja cha televisheni kimeonesha Battle of the Bulge, ile ya 1965, na mtangazaji akaitambulisha kuwa ni historia halisi ya shambulio kubwa la mwisho la Hitler upande wa magharibi. Mimi nakataa, na nakataa kwa sababu ya vifaru tu, mengine sijayagusa. Vile vinavyoitwa King Tiger vya Wajerumani ni M47 Patton, kifaru cha Marekani kilichoanza kutengenezwa 1951, Hitler akiwa ameshakufa zamani. Sherman za Wamarekani nazo si Sherman. Ni M24 Chaffee, kifaru chepesi cha tani 18 hivi, wakati Sherman inavuka tani 30. Filamu ilipigwa Hispania na zana zikatoka kwa jeshi la Hispania, ambalo lilipewa na Marekani baada ya makubaliano yao ya 1953.

Anayebisha asiangalie rangi wala msalaba uliochorwa ubavuni. Aangalie chini. King Tiger kina magurudumu makubwa yaliyolaliana, moja limefunika nusu ya jingine, na mnyororo unapita juu ya magurudumu hayo hayo. M47 kina magurudumu sita madogo, kila moja limesimama peke yake, na juu yake kuna viroli vitatu vinavyobeba mnyororo. Gurudumu lenye meno linalovuta mnyororo liko mbele kwa Mjerumani. Kwa M47 liko nyuma. Ukishaliona hilo mara moja, huwezi tena kudanganyika.

Swali: filamu ya namna hii ioneshwe kama historia, au watuwekee tahadhari mwanzoni? Najua wengi mtatetea, kwa kuwa vita mmejifunzia kwenye vibanda vya video, DJ akisema chochote mnapiga makofi.

Mama Neema
Mkuu, mwisho wa filamu yenyewe kuna maandishi. Yanasema wazi kwamba majina, mahali na wahusika vimejumlishwa, na matukio yameunganishwa ili kubeba roho ya mapigano. Kwa hiyo waliotengeneza hawakudai kuwa wanatoa kumbukumbu. Aliyedai ni mtangazaji. Kesi yako ni ya kituo cha televisheni, sio ya filamu.

Kijana wa Ngarenaro
Umeandika vizuri kisha mwishoni ukaharibu. Vibanda vya video vimekukosea nini? Sisi kwetu hapakuwa na televisheni, na kile kibanda ndicho kilichotuonesha kwamba duniani kuna mahali panaitwa Ardennes, huko huko yalikopiganwa mapigano ya filamu hiyo. DJ alikuwa anasikiliza Kiingereza kwa sikio moja, anatupa Kiswahili hapo hapo, huku anatengeneza sauti za watu wanne. Ile ni kazi ya akili. Wewe unahesabu viroli vya minyororo halafu unadharau watu waliobeba elimu kichwani bila kulipwa cha maana.

Kiboko wa Rufiji
Sijadharau mtu. Nimesema DJ alikuwa akisema chochote, na ni kweli. Nilishamsikia mmoja anaita kila kifaru "Tiger", hata cha Waingereza. Mtoto akikua na hilo kichwani nani atamtoa?

Kijana wa Ngarenaro
Wanajeshi wa Marekani wenyewe walikuwa wakiona kifaru chochote cha Mjerumani wanapiga kelele "Tiger". Kawalaumu na wao.

Jirani wa Kisumu
Hapo Kijana amesema ukweli, hofu ya Tiger ilifanya watu waione kila mahali. Na niongeze, huku Kenya DJ Afro amewafanya wazee wasiojua Kiingereza wakae mpaka mwisho wa filamu. Mama yangu mkubwa hakuwahi kumaliza filamu yoyote kabla ya hapo. Kwenu mlikuwa na Lufufu. Hao watu wanastahili heshima, si kurushiwa maneno kwenye mada ya vifaru.

Sokwe Mtu
Nakazia. Mleta mada aombe radhi tuendelee.

Mama Neema
Naona hoja yangu imerukwa. Sawa.

Fundi Welda
Mimi ni mchomeleaji, na kilichonikera ni mnavyoongea kana kwamba kugeuza kifaru ni kazi ya ovyo. Nendeni mkaangalie Kelly's Heroes ya 1970. Ilipigwa Yugoslavia, na zile Tiger tatu ni T-34 za Mrusi zilizovalishwa. Hazikutengenezwa hata kwa ajili ya filamu hiyo. Zilikuwa za filamu ya Wayugoslavia wenyewe kuhusu mapigano ya Neretva, iliyotoka 1969. Tazama walivyojenga: wamefunika ubavu kwa mabamba yaliyosimama wima, wamejenga kichwa kipya cha mviringo, yaani ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga, wamerefusha mzinga na kuuwekea ile pua ya mwisho. Chuma cha mtu mwingine kimevishwa sura mpya, na kinatembea, kinageuka, kinapita kwenye uchochoro wa mji bila kung'oa pembe ya nyumba.

Walichoshindwa ni vitu viwili, na vyote havirekebishiki bila kukata gari lenyewe. Magurudumu ya T-34 ni matano makubwa yenye nafasi kati yake, na kichwa cha T-34 kimekaa mbele, wakati cha Tiger kiko katikati. Simama pembeni yake utaona mbele fupi na mgongo mrefu. Lakini waliofanya ile kazi walijua walichokuwa wanafanya. Ukilinganisha na Hispania, ambako walichukua M47 wakapaka rangi basi, hawa ni mafundi.

Kiboko wa Rufiji
Fundi, hapo tuko pamoja. Ndiyo maana Kelly's Heroes siilalamikii. Waliheshimu macho ya mtazamaji.

Sokwe Mtu
Mbona Fury ya juzi juzi nayo ni T-34 iliyovalishwa, kama ile ya Spielberg, na mnaisifia?

Kiboko wa Rufiji
Umepuyanga. Ya Spielberg, Saving Private Ryan ya 1998, ndiyo T-34. Fury ya 2014 ni Tiger halisi, namba 131, ya jumba la makumbusho la vifaru la Bovington, Uingereza. Waingereza waliiteka Tunisia Aprili 1943. Kabla ya Fury, Tiger halisi ilionekana kwenye filamu ya Waingereza ya 1950, na gari lenyewe ni hilo hilo.

Sokwe Mtu
Sawa, lakini Brad Pitt hakupigana Ujerumani. Ukitaka kila kitu kiwe halisi, anza na waigizaji.

Mswahili wa Köln
Habari za huko. Mimi naishi karibu na Remagen, na minara ya daraja lake la zamani bado imesimama kando ya mto Rhine, nyeusi, upande mmoja kuna jumba la makumbusho ya amani. Wamarekani waliliteka 7 Machi 1945, likaanguka siku kumi baadaye. Filamu yake, The Bridge at Remagen, haikupigwa hapa. Waliipiga Czechoslovakia 1968, kwenye kijiji cha Davle, wakakodi M24 kutoka jeshi la Austria. Magazeti ya Ujerumani Mashariki yakaandika kwamba zile silaha ni za Wamarekani wanaoandaa uvamizi. Agosti vikaingia vifaru vya Kisovieti, vya kweli hivyo, na wapiga filamu wakakimbia wakiwa kwenye teksi. Wakaja kumalizia Ujerumani Magharibi na Italia.

Kwa hiyo Kiboko anaposema kifaru cha filamu ni mchezo tu, akumbuke kuna watu waliviogopa kama silaha.

Kiboko wa Rufiji
Wapi nimesema ni mchezo? Mimi ndiye ninayesema si mchezo! Someni kabla ya kujibu.

Mswahili wa Köln
Na jingine. M24 zilianza kufika Ulaya Desemba 1944. Usiseme hazikuwepo kabisa wakati wa mapigano yale.

Kiboko wa Rufiji
Sijasema hazikuwepo, nimesema si Sherman. Ila mkitaka kuchimba, tuchimbe. Ardennes kwenyewe, Desemba 1944, Wajerumani wa Skorzeny, kamanda wao wa vikosi maalumu, walivalisha vifaru vyao vya Panther vibati ili vifanane na M10 ya Wamarekani, wakapaka kijani na kuchora nyota nyeupe. Vikaingia mapiganoni Malmedy tarehe 21. Na walioviona kwa karibu waliweza kuvijua kwa kitu gani? Magurudumu yale yale. Vibati hufunika kifua na kichwa, miguu inabaki ya Panther. El Alamein 1942 Waingereza walifanya kinyume chake, walifunika vifaru kwa turubai na fremu vionekane malori. Kwa hiyo kujua gari lililojificha ni lipi haikuwa burudani ya watu wasio na kazi. Ilikuwa kazi ya askari.

Kijana wa Ngarenaro
Askari aliyeko vitani hahesabu magurudumu. Anapiga au anakimbia. Hayo ya kuhesabu ni ya watu wa sofa.

Mjukuu wa Koplo
Nilikuwa nasoma kimya, lakini hili la Kijana siwezi kuliacha. Babu yangu alikwenda vita vya Kagera. Hakurudi na hadithi nyingi, ila hili alilirudia: kitu cha kwanza walichofundishwa tena na tena ni kutambua chao na cha adui kabla ya kufyatua.

Fikirieni hali yenyewe. Sisi tulikuwa na Type 59 tulizopata China. Type 59 ni nakala ya T-54 ya Mrusi. Amin alikuwa na T-54 na T-55 kutoka kwa Warusi, na Walibya waliokuja kumsaidia 1979 nao walileta T-55. Yaani pande zote mbili kifaru kina magurudumu matano, pengo kubwa kati ya la kwanza na la pili, na kichwa kama bakuli lililofunikwa. Kwenye vumbi, kwenye migomba, asubuhi kuna ukungu. Kinatokeza kitu barabarani. Nani huyo? Ukikosea unaua mwenzako, au unamwacha adui anakukaribia. Halafu mtu anakuja kuniambia askari hahesabu. Kijana, ungekuwa mbele yangu ningekuomba uyarudishe maneno hayo.

Na Amin alikuwa na Sherman vilevile, zilizotoka Israel kabla hajawafukuza 1972. Ile ile Sherman mnayoililia ya Ardennes ilikuwa jirani yetu.

Kijana wa Ngarenaro
Dada, babu yako namheshimu, shikamoo yake popote alipo. Mimi nilikuwa namjibu Kiboko aliyetudharau watu wa vibanda. Wewe sikukulenga.

Mjukuu wa Koplo
Umelenga askari. Askari ni babu.

Jirani wa Kisumu
Pole dada. Na sasa umenifikirisha. Tunabishana Hispania na Yugoslavia. Filamu kubwa ya vita vya Kagera iko wapi? Yenye Lukaya, yenye Masaka, yenye hao wanamgambo waliotembea kwa miguu mpaka Kampala?

Mama Neema
Hapo ndipo tungeanzia. Wazee waliokuwepo wanaondoka kila mwaka.

Kiboko wa Rufiji
Ikitengenezwa, nitakuwa wa kwanza kukaa kwenye kiti. Lakini nitaangalia chini. Wakileta T-55 wakaiita Type 59, nitaona.

Fundi Welda
Utaona wapi, Kiboko? Magurudumu ni yale yale. T-54 na T-55 zenyewe njia rahisi ya kuzitofautisha ni kile kikofia cha hewa juu ya kichwa, upande wa kulia mbele. T-54 kinacho, T-55 hakina. Kikofia hicho nakichomelea asubuhi kabla ya chai. Kwa filamu ya Kagera kazi ingekuwa nyepesi kuliko ya Wayugoslavia, maana magari ya pande zote mbili ni ndugu. Tatizo ni kupata gari lenyewe na mafuta yake.

Mjukuu wa Koplo
T-55 kuigiza Type 59 nitaivumilia, Fundi, ilimradi waseme. Nisichovumilia ni mtu achukue Land Rover, aivalishe boksi, aniambie hicho ndicho kifaru alichopanda nacho babu kwenda Masaka.

Mswahili wa Köln
Hiyo Land Rover imeshafanyika, na kwenye filamu kubwa. A Bridge Too Far ya 1977: Sherman za kweli zilikuwa chache, kwa hiyo nyingine zilikuwa mwili wa plastiki ngumu juu ya Land Rover. Waliziweka nyuma ya msafara, za kweli mbele. Watazamaji wengi hawakugundua.

Mjukuu wa Koplo
Nyuma ya msafara sawa, kujaza barabara. Lakini kile kinachopiga na kile kinachopigwa, ambacho kamera inakikaribia, kiwe chuma. Na majina ya waliokuwa ndani yawe ya watu waliokuwa ndani.

Fundi Welda
Kwa hilo la chuma mnihesabu. Mwenye kujua mahali palipo na gari bovu la minyororo, la aina yoyote, aniandikie pembeni.