Bafa ya kuchorea pembeni: malloc, arei ya global au memori ya DOS?

koda_chipukizi
Wakuu nina kagemu ka DOS naandika kwa C protected mode (inayofikia memori zaidi ya mega moja), nachora kila kitu kwenye bafa ya pembeni, yaani kipande cha memori cha kushikilia picha, halafu naitupa skrini. Hiyo bafa niiombe kwa malloc (kuomba memori programu ikiwa inaendeshwa), niweke arei ya global au nichukue memori ya DOS kabisa? Ipi ina spidi?

panya_buku
Hujataja kompaila wala mode ya skrini, tukujibuje sasa?

koda_chipukizi
Samahani mkuu, DJGPP, mode 13h.

dada_pointa
Basi 320x200, baiti 64000 tu. malloc mara moja mwanzoni, cheki isirudi NULL, ukimaliza fremu dosmemput(bafa, 64000, 0xA0000), inanakili bafa kwenda 0xA0000, memori ya skrini. Memori ya DOS achana nayo, iko chini ya mega moja na kila pikseli utaipitia kwenye selekta (namba inayoelekeza eneo la memori), ya nini mateso?

fundi_watcom
Hamia kompaila ya Watcom na DOS/4GW (programu inayoiendesha protected mode juu ya DOS), 0xA0000 unaiandika kama pointa ya kawaida, kwisha habari.

dada_pointa
Wewe kila uzi Watcom! Kauliza DJGPP.

panya_buku
Hata DJGPP si kuna nearptr, njia ya kufikia memori hiyo kwa pointa, unawasha inakuwa hivyohivyo.

usiku_wa_manane
nearptr ilinitesa wiki nzima jamani. Niliwasha, nikajumlisha 0xA0000 na __djgpp_conventional_base (base, mahali memori ya DOS inapoanzia) nikaitunza pointa, mambo safi, nikaongeza stage ya pili inayoomba malloc kubwa ya picha, kuingia tu skrini imeganda ila muziki unapiga, mara nyingine mashine inazima kabisa, nikalaumu picha, nikalaumu DOSBox, kumbe base inaweza kuhama baada ya malloc na mimi naandikia kwa jirani, na ulinzi wa memori ushazimwa kwa hiyo hakuna wa kukukamata. Siku hizi dosmemput tu.

panya_buku
Ungeihesabu hiyo pointa upya kila fremu tu, uzembe huo.

usiku_wa_manane
Sawa mtaalamu 😂

koda_chipukizi
Na arei ya global je?

dada_pointa
Spidi ileile. Usiiweke ndani ya fanksheni tu, itakula steki, memori ya muda ya fanksheni.

koda_chipukizi
Nimeweka malloc, imekubali ila picha bado inakatika katikati.

panya_buku
Unasubiri retrace kwenye poti 0x3DA kabla ya kutupa?

koda_chipukizi
Retrace ndo nini? Afu nilisahau kusema, baadaye nataka 640x480.

dada_pointa
Retrace ni pale skrini inaporudi juu kuanza kuchora fremu mpya. Eti alisahau! Hiyo 640x480 ni VESA (kiwango cha kadi za video kwa mode kubwa), baiti 307200 kwa rangi 256, na dirisha la 0xA0000 ni 64K tu. Kadi gani unayo?

fundi_watcom
Watcom...