Mada: Wikendi ya kuvua karpi kwenye baridi na mvua, nijiandae vipi?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za siku.

Marafiki wa kazini wamenialika ziwani kuvua karpi, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana, tunalala kwenye mahema. Utabiri unasema mvua iliyochanganyika na theluji usiku wa kwanza, halafu upepo. Kuvua najua, ila nilikozoea maji yana joto mwaka mzima. Koti zito ninalo, gambuti ninazo. Zinatosha? Na jamani, samaki anakula kweli kwenye baridi ya namna hii?

Dogo

---

Marahaba mdogo wangu.

Nianze na samaki maana ndiye mwepesi. Anakula, ila kidogo. Joto la mwili wa karpi hufuata joto la maji. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 hivi, tumbo lake husaga chakula polepole na hamu inapungua. Yakifika 4 au 5 anaweza kushinda amejituliza bila kugusa kitu, halafu akala kwa muda mfupi tu ambao wewe umesinzia. Kwa hiyo usimwage chambo kama unalisha kuku. Funza wachache, au punje moja ya mahindi kwenye ndoano ndogo. Ukimwaga ndoo nzima, wale wachache wenye hamu watashiba kabla ya kuifikia ndoano yako.

Wapi pa kurusha? Utaambiwa kina kirefu, na sababu ipo: maji huwa mazito kuliko yote yakiwa nyuzi 4, kwa hiyo ziwa la kina kirefu lililotulia linaweza kuganda juu huku chini kukibaki na hizo 4. Lakini ziwa la kina kifupi hukorogwa lote na upepo, na hapo hoja ya kina haikusaidii. Mimi naamini macho zaidi. Karpi wa msimu wa baridi hujikusanya pamoja, unaweza kukuta upande mmoja wa ziwa umejaa na kwingine kote ni maji matupu. Kabla hujashusha mizigo, simama utazame. Mmoja akijipindua juu ya maji mara moja tu, umeshapata jibu. Jua likichomoza mchana, jaribu pia sehemu ya kina kifupi iliyokingwa na upepo.

Tena usiuogope utabiri wote kwa pamoja. Mawingu mazito na upepo usio wa baridi kali, baada ya siku kadhaa za jalidi, mara nyingi ndio wakati samaki wanaamka. Usiku mweupe wenye nyota na ziwa limetulia tuli unapendeza kwenye picha, lakini ndoano hailiwi.

Jambo moja la karatasi: nchi nyingi za huku zinadai leseni ya kuvua, na hiyo ni mbali na ada ya mwenye ziwa. Kualikwa na marafiki si leseni. Uliza leo. Na maziwa mengi ya karpi samaki anarudishwa akiwa hai, kwa hiyo mfuko wa kubebea kitoweo uache nyumbani, watakucheka.

Kaka Mkubwa

---

Mdogo wetu, Kaka amekueleza habari za samaki, mimi nakueleza yako wewe. Nafanya kazi hospitalini na msimu huu nawaona watu wa namna yako.

Koti zito peke yake halitoshi. Vaa tabaka: fulana ya sufu au ya nyuzi za kisasa iliyogusa ngozi, juu yake sweta, na nje kabisa kitu kisichopitisha maji wala upepo. Fulana ya pamba na jinzi usivae. Pamba ikilowa inashikilia maji na kukunyonya joto, na utalowa hata kwa jasho la kubeba mizigo kutoka kwenye gari. Wakati wa kubeba vua koti, ukikaa livae. Gambuti ziwe na nafasi ya soksi nene, kwa sababu kiatu kinachobana hupunguza damu vidoleni. Na baridi kubwa ya usiku hutoka ardhini. Weka kitu cha kutenga chini ya mfuko wa kulalia, hata kama una kitanda cha kukunja, maana hewa inapita chini yake.

Muangaliane. Mwenzenu akitetemeka sana, akaanza kuangusha vitu, maneno yakawa mazito, mvueni nguo mbichi, mfunikeni, mpeni kitu cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza vizuri. Akiacha kutetemeka huku amechanganyikiwa, hajapona huyo, pigeni simu ya dharura. Pombe haipashi joto, inafungua mishipa ya ngozi na joto linatoka.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike. Jiko lisiingie ndani ya hema. La gesi, la mkaa, lolote. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na mkaa unaofifia unaitoa bado. Mtu anaumwa kichwa, anajisikia kichefuchefu, anadhani ni uchovu, analala, basi. Mvua ikinyesha ndipo kila mtu anapotaka kufunga zipu na kuwasha jiko. Pikieni nje chini ya turubai lililo wazi pande zote. Kifaa cha kugundua hewa hiyo kipo, ni kidogo, nunueni, lakini kisiwe ruhusa ya kuingiza jiko.

Dada wa Wodini

---

Mimi ningeahirisha. Samaki hawahami. Upepo mkali kwenye mahema chini ya miti mikubwa siupendi, na kukiwa na radi fimbo ya kuvulia ya kaboni inapitisha umeme. Vijana mnaona aibu kumwambia mwenyeji "wiki ijayo".

Mjomba

---

Mjomba, shikamoo. Kwenye radi na upepo wa kung'oa miti nakubaliana nawe moja kwa moja, hapo hata kufikiri hakuna. Ila mvua na theluji kidogo, kwa watu waliovaa sawa na gari liko karibu, si sababu ya kuvunja safari. Wakubaliane mapema nani ana neno la mwisho la kusema "tunaondoka", na awe yule asiyependa samaki sana.

Nimesahau jambo, Dogo. Ukimpata karpi kwenye jalidi, usimweke nje kwa picha nyingi. Mashavu yake ya kupumulia na macho huathirika haraka kwenye hewa ya kuganda. Lowesha mikono na mkeka wa kumlazia kwanza, mtoe ndoano, picha moja, majini.

Kaka Mkubwa

---

Asanteni sana, Dada hasa wewe, maana mwenzangu mmoja alishasema analeta jiko la kupashia hema. Nimemtumia maneno yako kama yalivyo. Amejibu "sawa", bila furaha.

Tumekubaliana tusilale Ijumaa, twende Jumamosi alfajiri mvua ikishapita. Mjomba, nusu umeshinda. Leseni nimeshakata.

Swali la mwisho: simu na taa ya kichwa zinakata chaji haraka kwenye baridi, nifanyeje?

Dogo

---

Lala nazo ndani ya mfuko wa kulalia, na betri za akiba ziweke mfuko wa ndani wa koti. Vipete vya fimbo, vile mshipi unamopita, vikizibwa na barafu, vichovye majini. Usiibandue barafu kwa kucha, mshipi utachunika.

Kaka Mkubwa